Kilichoushika Waya Mnazini

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa mkwezi wa minazi, na nikisema mkwezi sisemi hawa wa siku hizi wanaopanda mnazi kama mgonjwa anayepandishwa kitandani. Watu walimwita Ngazi. Jina alijipa mwenyewe, akalitangaza mwenyewe, mpaka likamkaa. Asubuhi anafunga kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, na kabla hujamaliza kumsalimia yuko juu anakutania. Sitii chumvi. Chumvi yenyewe naiogopa, nina presha.

Alikuwa ameoa katika nyumba ya wanawake wawili: mkewe, na mama mkwe wake aliyekuwa mjane. Binti wa pekee wa Ngazi na mkewe alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la minazi ishirini na mitatu, na kila mnazi una mwenyewe. Katika ukoo ule wa mama mkwe, kila anayezaliwa hupandiwa mche wake. Huu wa mama mkwe, huu wa mkewe Ngazi, ule wa binti yao, ule wa mpwa aliyeko ng'ambo. Ngazi hakuwa na mnazi wake, maana yeye ni wa kuja. Waliokufa, minazi yao ilikuwa visiki. Nani alitangulia, mtu au mnazi, hakuna aliyewahi kuuliza.

Sasa, juu kule vileleni kulikuwa na wakazi wengine: maji moto. Wewe ukiwaona utasema ni chungu tu, wekundu, miguu mirefu, wanaoshona majani mabichi kwa uzi mweupe wakajitengenezea nyumba. Lakini akikuuma mmoja unajua kwa nini wakaitwa hivyo. Mama mkwe aliwatunza kama watu wanavyotunza kuku. Alikuwa amefunga kamba za makumbi kutoka kilele hadi kilele, shamba zima, ili wapite bila kugusa ardhi, na kila Alhamisi alizunguka shingo juu, mkono usoni, akikagua. Kamba ikikatika, siku hiyo hiyo inafungwa nyingine. Alisema maji moto ndio wanaokula kunguni wa minazi, yule mdudu wa kahawia anayefyonza vidaka, zile nazi changa, mpaka vinatoa gundi na kuanguka. Na hilo ni kweli tupu, hata bwana shamba aliwahi kupita akampongeza.

Ila mkwezi na maji moto ni paka na panya. Chungu hao wanaanzia penye siri, halafu wanaitana. Kuna siku Ngazi alishuka mnazi mbio akaishia kuvua kaptula pale pale chini, na mama mkwe yuko hatua kumi anaanua nguo. Yule mama akageuza uso kwa kuku, akasema taratibu, "Mkwe wangu, leo umeshuka haraka kuliko heshima yako." Habari ikazagaa mpaka sokoni. Ngazi hakuisahau.

Ikatokea dada wa mama mkwe akavunjika nyonga, na mama mkwe akaenda kumuuguza kwa wiki sita. Basi lilipoondoka tu, Ngazi alisimama katikati ya shamba, mikono kiunoni, kama mwenye nyumba mpya.

Kazi ile aliifanya siku tatu. Alikata kamba zote. Alifunga mienge ya makuti makavu kwenye ncha ya ufito mrefu, akachoma kiota kimoja kimoja, na vile vilivyokuwa ndani ndani akavipandia na moto mkononi. Kisha kila shina akalizungushia mkanda wa oili chafu ya gari, upana wa kiganja, asipande chungu hata wa dawa. Mkewe alisimama mlango wa nyuma akamwambia mama hatafurahi. Ngazi akamjibu kwamba mama akirudi atakuta nazi nyingi na mkwe asiye na vipele, achague kipi kinamuudhi.

Mnazi wa mkewe aliuacha wa mwisho. Huko kiota kilikuwa tofauti. Hakikuwa kimening'inia kwenye kuti kama vingine; maji moto walikuwa wamelishona kuti changa lote, lile ambalo bado halijafunguka, wakalifunga kwa nyuzi zao safu juu ya safu, kama kidonda kilichofungwa bendeji. Ngazi akakiwasha. Uzi ukaungua mara moja. Na kutoka katikati ya kuti, pale uzi ulipofunguka, ikatoka hewa ya baridi, ndefu, kama pumzi ya mtu aliyekuwa ameizuia siku nyingi.

Wiki mbili za kwanza alitamba. Alikwea kifua wazi, akiimba. Halafu vidaka vikaanza kuanguka. Mchana kweupe, bila upepo, pu, pu, pu juu ya bati, vikiwa na machozi ya gundi. Ngazi akasema ni kiangazi. Halafu wakaja chonga.

Chonga ni mdudu mweusi, mkubwa kama kidole gumba, ana pembe puani. Huyu hali nazi. Anatoboa kilele, anaingia kwenye moyo wa mnazi, anakula kuti likiwa bado limekunjwa. Ndiyo maana hasara yake huijui siku ile. Kuti likija kufunguka baadaye, unakuta limekatwa umbo la mabawa, kushoto na kulia sawasawa, kama karatasi iliyokunjwa na mtoto akapitisha mkasi. Dawa yake kwa mkwezi ni waya mgumu uliopindwa ncha kama ndoana. Unauingiza tunduni, unamchokoa, unamtoa akiwa anapiga miguu. Ngazi aliwatoa kumi na saba kwa asubuhi moja, akawapanga ukutani watu wawaone.

Kwenye mnazi wa mkewe tundu lilikuwa moja tu. Dogo, safi, limetoa unga wa nyuzi mbichi zilizotafunwa. Akaweka sikio. Ndani kulikuwa na kutafuna, kwaru, kwaru, bila haraka. Akaingiza waya, akasukuma, akanasa kitu, akavuta. Chonga akatoka. Lakini alikuwa gamba tupu, mwepesi, kavu, amekufa zamani. Na ndani kutafuna kulikuwa kunaendelea.

Alipoingia nyumbani alimkuta mkewe amekaa na ungo wa mchele mapajani, mkono kifuani. Akamwambia amechomwa na kitu, hapa, kama sindano ndefu, kikamzungukazunguka ndani halafu kikatoka. Ngazi akacheka, akamwambia ni gesi, anywe tangawizi. Kesho yake akachokoa tena. Na mkewe akachomwa tena, saa ile ile.

Siku ya tatu akafanya jaribio. Hapa ndipo ninapomsifu kwa akili na kumlaumu kwa moyo. Alimpa mkewe sufuria na mwiko, akamkalisha kibaraza cha mbele, upande usioona shamba, akamwambia kila akisikia ule mchomo agonge mara moja. Mkewe akauliza yeye anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwenye mnazi wa mpwa.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua la utosini. Kuku wamejilaza chini ya karo la kufulia. Ngazi akakwea mnazi wa mkewe, akaingiza waya kiasi cha kidole.

Ngo.

Akasimama. Akahesabu mpaka ishirini. Kimya. Akausukuma, shibiri moja.

Ngo.

Akautoa polepole, jasho linamwingia machoni.

Ngo.

Akautundika waya shingoni. Akashika makuti kwa mikono yote miwili, ili awe na uhakika kwamba mikono yake haifanyi kitu. Akangoja. Ndani ya mnazi kutafuna kukaanza. Kwaru. Ngo. Kwaru. Ngo. Kwaru, kwaru. Ngo, ngo.

Halafu kutafuna kukaendelea, na sufuria ikanyamaza.

Alishuka akiacha ngozi ya mapaja shinani. Mkewe alikuwa ameegemea nguzo, macho nusu, mwiko bado mkononi. Alipozinduka alimtazama kichwani, kwenye nywele, palipokuwa na unga wa mnazi.

"Ulikuwa mnazi wa mpwa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Haya."

Hakuuliza tena. Na Ngazi hakuwahi kuusahau upole wa hiyo haya.

Mama mkwe alirudi kabla ya siku zake. Hakuna aliyempigia simu. Hakuingia ndani. Alishuka na kifurushi chake, akapita ubavuni mwa nyumba, akaona mikanda ya oili, akaona anga tupu bila kamba. Akakaa chini, kwenye mchanga, kama mtoto. Ngazi akaja na kiti, hakukitazama.

"Umewachoma wote?"

"Wote, mama."

"Na wa mke wako?"

Ngazi akatazama miguu yake. Yule mama akafunga macho.

Hakumtukana, na ingekuwa nafuu angemtukana. Alimweleza kwa sauti ndogo, maana dirisha la binti yake lilikuwa wazi. Alisema kunguni ni kunguni na chonga ni chonga, hao kila shamba wanao. Lakini katika shamba lile kuna kinachokuja nyuma ya chonga. Chenyewe hakiwezi kutoboa, kinangoja tundu. Hana jina lake, hajakiona, na mama yake aliyemkabidhi kamba hakuwahi kukiona. Walijua tu kwamba maji moto wanakijua, na kwamba mnazi wenye maji moto mwenye nao hulala salama. Visiki vile vyote, kila kimoja kilikuwa kamba iliyokatika na mtu akasema ataifunga kesho.

Ngazi akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ungecheka," mama mkwe akasema. "Wewe, baba, unacheka kila kitu."

Kuanzia hapo Ngazi hakucheka. Alisugua mikanda yote ya oili kwa sabuni na mchanga mpaka vidole vikatoka damu. Alisokota kamba mpya, akazifunga kilele hadi kilele. Akatembea nusu siku hadi kwenye mashamba ya michungwa, akakata viota kumi na viwili vya maji moto, akavitia maguniani, akavibeba mgongoni. Waliopishana naye walimwona amevimba uso, jicho moja limefunga, anatembea huku akiwaomba radhi walio ndani ya gunia.

Alivifunga viota kwenye shina la mnazi wa mkewe, yeye na mama mkwe wakasimama chini kutazama. Maji moto wakatoka. Wakapanda kilele, wengi, mpaka shina likawa jekundu. Mama mkwe alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kwa meno. Wakafika kwenye tundu, wakalizunguka. Wakasimama.

Kisha wakageuka. Wote. Wakashuka mstari mmoja, kimya, kila mmoja amebeba mtoto wake mweupe mdomoni kama watu wanaohama nyumba inayoungua. Ngazi akaweka viganja vyote viwili shinani, akawazibia njia. Wauma-watu wale, waliomvua kaptula mbele ya mkwe, wakapita katikati ya vidole vyake. Hakuna hata mmoja aliyemuuma. Alikuwa akiwaomba, kwa kunong'ona, wamuume.

Wakaingia majanini. Kesho yake sisimizi wadogo wa ardhini, wenye vichwa vikubwa, walikuwa wamejaza mashina yote, na hao wakishatangulia maji moto hawapandi tena. Hilo nalo bwana shamba atakuambia.

Mkewe Ngazi akaanza kwisha. Hospitali walimpiga picha, wakamtazama kifua, wakasema mapafu ni mazima, moyo mzima, labda ana mawazo. Yeye mwenyewe alisema hasikii maumivu tena, anasikia nafasi. Kama chumba kinachohamwa ndani yake, alisema, kitu kimoja kimoja. Kule juu kuti jipya likafunguka. Lilikuwa limekatwa mabawa pande zote mbili, sawasawa. Ngazi akalikata, akalifukia. Lililofuata likafunguka limekatwa zaidi.

Ngazi akawa katikati ya mawili. Akichokoa, anamchoma mkewe. Akiacha, mkewe analiwa. Alikaa siku tisa bila kukwea, waya umelala darini. Usiku na mchana alikuwa kitandani kwa mkewe, amemshika mkono, na siku zile alikuwa anasikia mwenyewe, kupitia mkono, kwaru, kwaru.

Siku ya kumi mkewe akamwomba auchukue waya.

"Nitakuumiza," Ngazi akasema.

"Najua." Akapumzika kidogo. "Ila huko ndani hakuna ninayemjua. Wewe angalau nakujua."

Basi akaunganisha nyaya mbili, urefu wa mikono mitatu, akakwea. Saa saba ile ile. Mama mkwe alibaki ndani na binti yake. Ngazi akaingiza waya. Ukaingia wote mkono wa kwanza. Ukaingia wa pili. Hapo ulipaswa kuwa umegonga mti. Moyo wa mnazi hauna kina hicho. Ukaendelea kwenda chini, laini, kana kwamba shina zima lilikuwa bomba. Kutafuna kukakoma.

Akaanza kuvuta. Waya ukakataa.

Kukwama anakujua, miaka ishirini anachokoa. Huku hakukuwa kukwama. Kitu kilikuwa kimeushika. Akalegeza, nacho kikalegeza. Akavuta, nacho kikavuta, kwa upole, kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Akazungusha waya kwenye ngumi, akajitia nguvu zote, akalitaja jina la mkewe. Kikavuta mara moja. Waya ukapita mkononi ukikata nyama, ukaingia tunduni wote, mpaka mwisho. Ndani, mbali sana chini, akasikia ukikunjwa. Taratibu. Duara juu ya duara.

Alipofika chumbani mama mkwe alikuwa amesimama kando ya kitanda. Mkewe alikuwa macho wazi, uso hauna maumivu. Mdomoni, kwenye kona, palikuwa na unga wa nyuzi mbichi, wenye maji.

Walioosha maiti walikuwa majirani wawili. Baadaye sana mmoja alimwambia mke wangu kwamba mwili ule ulikuwa mwepesi kuliko maji waliyouoshea.

Binti yao akafika kwa mazishi na mtoto wa miezi miwili kifuani. Ngazi na mama mkwe walikuwa wameshaambiana jambo moja, usiku ule wa kwanza, nalo ndilo pekee lililowafanya wanywe hata uji. Minazi yote ilikuwa na matundu sasa. Wa mama mkwe, na yeye alishaanza kushika kifua na kusema asihangaikiwe. Wa binti pia. Hao hawana la kufanya. Lakini huyu mtoto hakuwa na mnazi. Amezaliwa mbali, hajakanyaga shamba, mche wake haujapandwa na hautapandwa kamwe. Huyu mmoja ametoka. Mama mkwe alimwapisha Ngazi kwa hilo, na Ngazi akaapa huku analia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona uso wa yule mama umelegea.

Siku ya tatu baada ya kuzika, saa nne asubuhi, walikuwa wamekaa kibarazani. Mtoto akajikojolea. Binti akafungua mkoba, akatoa shuka jipya la mtoto, la duka la huko huko kwao, bado liko ndani ya nailoni yake na gundi haijabanduliwa. Akachana nailoni kwa meno. Akalikung'uta.

Likafunguka limekatwa mabawa, kushoto na kulia, sawasawa.

Binti akaligeuza, akalitazama, akasonya. Akasema hawa watu wa maduka hawana haya, akirudi atakwenda kubadilishiwa. Akamuuliza baba yake kama pana kitambaa kingine ndani. Mama mkwe alikuwa amenyoosha mkono akampokea mtoto, akamlaza begani, akaanza kumpapasa mgongo juu chini, juu chini, kama mtu anayetafuta kitu kidogo sana asichotaka kukiona.

Shuka hilo lipo. Binamu yangu alinipa nilihifadhi, maana kwake hakulala nalo. Nimelitia katika kopo la bati, darini, juu ya jiko, mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwangu. Ni mwaka wa nne huu. Anayebisha aje, nitamfungulia. Kitambaa ni kikavu kama karatasi. Ila ukipitisha kidole kwenye kingo zile zilizokatwa, unyuzi kwa unyuzi, bado zimelowa.